Mara Tatu kwenye Debe

Nyumbani kwa Wanzala hakuna anayebisha mlango. Mlango wenyewe ni wa bati, kama milango yote ya ploti yao ya mtaa wa Kongo, pale Kawangware, Nairobi, na mgeni akifika husimama uani akaita kwa mdomo: Baba Everlyne, Baba Everlyne. Akijisahau akagonga, atakiona cha mtema kuni, maana Wanzala, mtu mpole kuliko wapole wote wa uani, hutoka mbio huku jasho likimtiririka, akamfokea kana kwamba amemmwagia uji. Majirani walimtania mpaka wakachoka. Wengine walisema anaogopa polisi, wengine kwamba ni maringo tu ya watu wa Busia. Mkewe alipomuuliza, mwaka wa kwanza wa ndoa, aliambiwa kuwa mlio wa bati unamuumiza masikio, na mama wa watu akaamini.

Kwa kazi, Wanzala ni mchimba vyoo, wala si mchimba vyoo wa kubahatisha. Kuanzia Kongo hadi Riruta, na Satellite kule juu, mashimo aliyochimba hayana idadi, na wengi wanaompungia mkono asubuhi wanatoka kutumia kazi yake bila kujua. Anaujua udongo kama mama mboga anavyojua nyanya. Akiufinya mkononi atakuambia huu mwekundu utakwenda futi ngapi, changarawe itaanzia wapi, na jiwe la manjano utalikuta lini. Na anajua jambo moja ambalo waliosoma wameliandikia vitabu: udongo ukishachimbwa haurudi ulivyokuwa. Hata ukiurudisha ukaushindilia, utabaki umechanganyika, wa juu umeingia chini na wa chini umekuja juu, na mwenye macho atajua siku zote kwamba hapa pana mkono wa mtu.

Wachimbaji hufanya kazi wawili wawili. Mmoja yuko chini, mwingine juu, na katikati yao kuna kamba na debe. Shimo likipita futi kumi, sauti ya mtu huvurugika, ikamfikia mwenzake kama mngurumo usio na maneno, kwa hiyo wao huzungumza kwa debe. Aliye chini akigonga mara moja, maana yake vuta udongo. Mara mbili, ngoja. Mara tatu, nivute mimi. Hiyo ya tatu haina mjadala. Aliye juu akiisikia huacha hata chai iliyo mdomoni akavuta, kwa sababu mwenzake ameishiwa pumzi, au ameona ukuta unatoa jasho, dalili kwamba unataka kuachia. Wanzala amewafundisha wengi sheria hiyo, lakini kwa mdomo tu, na yeye mwenyewe huwa juu. Watu walidhani ni umri.

Mwaka jana, mwezi wa tano, alifika Kongo mwanamke mwenye kofia pana na daftari chini ya kwapa. Aliitwa Immaculate, mwalimu wa historia aliyestaafu, na sasa mwenyekiti wa Chama cha Historia na Mambo ya Kale cha Mitaa. Chama chenyewe kilikuwa na watu thelathini hivi, wengine wa Kawangware, wengine wa Kibera: mafundi, wauza mitumba, walimu wawili watatu. Jumamosi moja kila mwezi waliazima ukumbi wa kanisa huko Riruta, wakapanga meza ndefu, na watu wakaleta vitu vya zamani kutoka nyumbani. Pasi ya makaa, redio ya mbao, kipande cha babu, kile kitambulisho kilichokuwa kikivaliwa shingoni wakati wa mkoloni. Kila kitu kilibandikwa karatasi ndogo yenye mistari mitatu: ni nini, kimetoka wapi, nani amekileta. Mwanzoni watu walicheka, wakasema hao wamekosa kazi, halafu nao wakaanza kupekua chini ya vitanda vyao.

Sasa Immaculate alitaka jambo kubwa zaidi. Alitaka kuchimba. Alisema Kibera imekaliwa na watu zaidi ya miaka mia moja, tangu askari Wanubi walipokaa ndani ya ule msitu, na wote wanaokanyaga pale kila siku hawajawahi kuangalia wanakanyaga nini. Angeita watu wote, wakubwa kwa wadogo, waje Jumamosi wachekeche udongo kwa mikono yao. Alihitaji mchimbaji tu, na kila aliyeulizwa alimtajia jina lile lile.

Wanzala alikubali kabla ya kuuliza ni wapi. Alifurahi mno; hakuna aliyewahi kumwita mtaalamu. Aliposhtuka kuuliza, Immaculate alimwambia ni Lindi, mle mle Kibera, kwenye ploti ya marehemu Thuo, ambapo nyumba zimebomolewa na watoto wa marehemu wameruhusu uchimbaji kabla hawajajenga upya. Wanzala akaomba kiti katika nyumba yake mwenyewe.

Hapa lazima nirudi nyuma, la sivyo mtu huyu ataonekana kichaa.

Mwaka 2003, mvua za Aprili zikiwa zimekolea, Wanzala na mwenzake Shivachi walikuwa wakimchimbia Thuo choo katika ploti hiyo hiyo. Wanzala alikuwa na miaka ishirini na saba. Shivachi alikuwa kijana wa Kakamega, mcheshi, mwenye mdomo usiotulia, ambaye hata akiwa chini alipiga debe kwa mdundo wa ngoma za kwao mpaka Wanzala akamtishia kutomvuta. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Shivachi kushuka. Walikuwa wamefika futi kumi na tisa. Mchana, kama saa nane, ukuta wa upande wa juu ukaachia. Haukutoa kishindo. Ulikaa tu, kama mtu mnene anavyokaa kwenye kochi, na Wanzala alipochungulia aliona tope na kamba iliyomezwa nusu. Alipoivuta, ikakatika.

Alikimbia kumwita Thuo. Thuo akaja, akaangalia, akaangalia nyuma yake kama kuna mtu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hakuna anayepona chini ya mzigo ule, kwamba shimo halikuwa na kibali, na kwamba polisi wakija wa kwanza kufungwa ni yule aliyekuwa ameshika kamba. "Jaza," akasema. Wanzala alikuwa mgeni mjini, na alikuwa mwoga, na hilo la pili yeye mwenyewe hulisema bila kuzunguka. Akachukua sepetu.

Alipotupa sepetu la kwanza, akasikia debe. Mara tatu, mbali, chini kabisa. Akamtazama Thuo. Thuo hakusikia, au alisema hakusikia. Wanzala akajiambia ni debe linabonyea kwa uzito wa udongo, akatupa sepetu la pili, na debe likalia tena mara tatu. Basi akaanza kutupa haraka haraka, akiwa analia, mpaka pakawa kimya. Huo ndio mlio unaomfanya awafokee wageni mlangoni mwake hadi leo.

Aliwaambia watu wa Shivachi kwamba kijana alipata kazi kwenye lori la kwenda Uganda. Walingoja miaka mitatu. Halafu, kwa desturi ya kwao, wakaamua kumzika bila mwili: hukatwa mgomba, ukavishwa shati la aliyepotea, ukalazwa kaburini, watu wakalia, na jina lake likapumzika. Wanzala alisafiri na waombolezaji hadi Kakamega. Alisimama kwenye foleni akatupa konzi ya udongo juu ya mgomba uliovaa shati la Shivachi, na ilikuwa mara yake ya pili kumzika.

Lakini waliotumwa kuukata ule mgomba walikuwa vijana wenye haraka. Badala ya kukata shina, waliung'oa pamoja na kile kichwa cha chini chenye mizizi. Baada ya miezi miwili kaburi likachipua. Jani la kijani, limejikunja, likatoboa udongo mahali penye kifua. Wakalikata, likaota tena, safari hii matatu. Wazee wakaona hili halikuwa la kukata tena, wakaliacha, na hadi leo kuna kichaka cha migomba juu ya kaburi la Shivachi ambacho ndizi zake huoza hapo hapo bila kuguswa na mtu. Wengi wa kwao waliogopa. Dadake, Sella, hakuogopa. Alikuwa na miaka kumi na nane, na akasema kwamba ardhi imemkataa kaka yake kwa sababu hajafa.

Sella sasa ni fundi wa nguo Satellite, mama wa watoto wawili, na ni mwanachama wa chama cha Immaculate. Kitu alichopeleka kwenye ile meza ya Riruta kilikuwa kikombe cha bati. Alipokuwa mdogo, Shivachi akirudi nyumbani Krismasi alimfundisha lugha ya debe kwa kukigonga kikombe hicho kwa kijiko: moja vuta, mbili ngoja, tatu nitoe. Kwenye karatasi aliandika: Kikombe. Kakamega. Kimeletwa na Sella, kwa niaba ya kaka yangu akirudi. Na kila alipokutana na Wanzala, kwa miaka ishirini na moja, alimuuliza swali lile lile kwa heshima ile ile: siku ya mwisho, Shivachi alipoondoka na lori, alikuwa amevaa sweta? Wanzala humjibu ndiyo, la bluu. Sella huitikia kwa kichwa, akaridhika, maana Uganda nako kuna baridi.

Basi sasa unaelewa kwa nini mtu mzima aliomba kiti. Angeweza kukataa kazi. Aliliwaza jambo hilo siku tatu, akaona kwamba akikataa ataitwa mwingine, na huyo mwingine akikuta udongo uliochanganyika atafuata mpaka chini. Heri ashike sururu mwenyewe. Atachimba futi tatu nne, atasema hapa hakuna kitu, atafunga. Akaenda Lindi kupaangalia. Nyumba zilikuwa zimeondolewa, pamebaki sakafu na mfereji wa maji. Alipiga hatua kutoka kwenye mfereji, tisa, kama alivyokumbuka, na hatua ya tisa ikamfikisha katikati ya mraba ambao Immaculate alikuwa ameshaufunga kwa kamba nyeupe. Alimwomba wausogeze kidogo upande wa kulia. Immaculate alisema upande huo ni mwamba mtupu, na kwamba hapa, mzee, hata nyasi zimeota tofauti.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa sherehe. Walisimamisha hema, wakaleta spika, mama mmoja Mnubi akachemsha kahawa yenye tangawizi. Wanafunzi walichekecha udongo kwenye wavu, na mtu akiona shanga alipiga kelele kama amefunga bao. Walipata kifungo cha shaba cha koti la askari, kipande cha kikombe chenye maua, na betri za tochi zisizo na historia yoyote. Sella alikuwa kwenye wavu, amejifunga leso kichwani. Juu ya shimo alisimama Billy, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa pale pale Lindi aliyejitolea kushika kamba.

Kwenye futi ya nne Wanzala alitaka kusema hakuna kitu. Hakuwahi. Immaculate alikuwa amepiga magoti ukingoni, akaona weusi umeingia kwenye wekundu, na uso wake ukang'aa. Akaeleza kwa kipaza sauti kwamba hili ni shimo la choo la zamani, na kwamba kwa watafiti hakuna hazina kama choo cha zamani, maana watu huangusha vitu na hakuna anayefuata. Umati ukacheka, ukapiga makofi. Wakakubaliana Jumamosi ijayo wafuate shimo hilo mpaka mwisho wake, na kwa kuwa ni jembamba, atashuka mtaalamu peke yake.

Jumamosi ya pili jua liliwaka vizuri, watu wakawa wengi zaidi. Wanzala alishuka. Udongo ulikuwa laini, ulitoka bila shida, kama ulikuwa ukingoja. Alipofika futi ya saba akaona kuta. Kila mchimbaji ana alama yake ukutani, kama mwandiko. Wanzala anatumia mkono wa kushoto, na mtaimbo wake huacha mikwaruzo iliyolalia upande huo. Shivachi alikuwa wa mkono wa kulia. Walikuwa wakishuka kwa zamu, na zamu zao zilikuwa pale, futi yako, futi yangu, zimechorwa wazi kana kwamba mtaimbo umetoka kuondolewa. Akagusa alama moja ya Shivachi kwa kidole. Ilikuwa na unyevu. Akajiambia ardhi yote ina unyevu.

Futi kumi na moja. Huko juu muziki wa spika ulikuwa umegeuka mngurumo. Alitaka kupumzika, akachukua jiwe akagonga debe mara mbili: ngoja. Na kutoka chini ya viatu vyake, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila udongo, akajibiwa mara mbili.

Hakupiga kelele. Alisimama kwa mguu mmoja, kama mtoto aliyekanyaga moto, na hakujua aushushe wapi ule mwingine. Kisha akagonga tatu, na Billy, Mungu ambariki, akavuta papo hapo.

Alipofika juu alisema hewa ni mbaya. Rangi ya uso wake ilitosha kuwa ushahidi, wala hakuna aliyemdadisi. Immaculate ni mwanamke mwangalifu; alifunga daftari, akatangaza kwamba maisha ya mtu ni muhimu kuliko vikombe, na kwamba shimo litafungwa leo leo, mbele ya wote, kwa heshima. Wanzala alikaa chini ya hema akapewa kahawa. Alikuwa ameokoka. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano alivuta pumzi ikafika tumboni, na ninasema bila kumpamba: alifurahi.

Sella alimletea kiti cha pili aweke miguu. Akamwambia pole, akasema alipoona kamba inavutwa kwa kasi vile alimkumbuka kaka yake. Halafu akauliza kuhusu sweta.

"La bluu," akasema Wanzala.

Ilipangwa kwamba aliyechimba ndiye atupe sepetu la kwanza, kisha wengine wafuate. Wakamzunguka, simu juu, wanapiga picha. Akachota. Udongo ulipoanguka ulikawia kufika chini, na ulipofika, akasikia debe. Mara tatu.

Akatazama watu. Billy alikuwa akitabasamu. Mama wa kahawa alikuwa akikusanya vikombe. Immaculate alimpa ishara aendelee. Hakuna uso hata mmoja uliobadilika, na Wanzala akaanza kujiambia yale yale ya zamani, kwamba ni bati, kwamba ni mawe, na mikono yake ikachota sepetu la pili. Ndipo alipomwona Sella. Alikuwa amesimama kwenye wavu wake, mbali, ameinua kichwa, na mikono yake ilikuwa imetulia juu ya udongo.

"Nani amegonga?" Sella akauliza.

Billy akamwambia hakuna aliyegonga, debe liko hapa juu, ona.

"Imegongwa tatu," akasema. "Kuna mtu anataka kutolewa."

Wanzala akaliweka sepetu chini. Hakulitupa. Aliliweka taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, na akakaa juu ya ule udongo, akaanza kusema. Hakusema vizuri. Alianza na kamba, akarudi kwenye mvua, akamtaja Thuo, akasema hakukuwa na lori wala Uganda wala sweta, siku ile kulikuwa na joto na Shivachi alishuka kifua wazi. Mtu alizima spika. Wale waliokuwa na simu juu walizishusha mmoja mmoja. Alipomaliza, hakuna aliyemsogelea na hakuna aliyeondoka.

Sella alikuja mpaka mbele yake, akachuchumaa wakawa macho kwa macho. Hakulia. Miaka ishirini na moja ya kungoja ilikuwa inamtoka usoni, na ilikuwa vigumu kumtazama.

"Baba Everlyne," akasema. "Aligonga mara ngapi?"

Hapo palikuwa na mlango, na Wanzala aliuona. Angesema hakugonga. Angesema alikufa papo hapo, hakuhisi kitu, na nani angembishia? Kina mama waliosimama nyuma walikuwa wakimwomba kwa macho aseme hivyo.

"Tatu," akasema. "Halafu tatu tena. Nilisikia zote."

Sella akainuka, akarudi kwenye wavu, akaanza kuvikung'uta viganja vyake.

Immaculate ndiye aliyempigia chifu, na chifu akawaita polisi. Ploti ikazungushiwa utepe, Wanzala akaandika taarifa yake kurasa nne, akaambiwa asisafiri nje ya Nairobi mpaka aitwe. Jumanne wakaja watu wawili wenye ovaroli na afisa mmoja. Wenye ovaroli wakachungulia lile shimo jembamba, wakatazamana, na mmoja akasema wangoje mashine. Mashine haiwezi kuingia Lindi, kila mtu alijua hivyo. Wanzala, ambaye alikuwa amesimama kando tangu asubuhi bila kuitwa, akasema atashuka yeye. Afisa akamtazama muda mrefu, kisha akakubali, akamvalisha barakoa.

"Kamba nashika mimi," akasema Sella.

Billy alitaka kumweleza kwamba mtu mzima ni mzito. Sella akamwambia asimame nyuma yake, ashike mkia wa kamba, na asivute mpaka yeye avute. Hakuna aliyebishana naye.

Wanzala alichimba futi nane zilizobaki kutwa nzima. Chini ya futi ya kumi na mbili hapakuwa na alama ya mtaimbo wake ukutani, zilikuwa za Shivachi tupu, kazi ya siku yake ya mwisho. Kwenye futi ya kumi na tisa sepetu likagusa bati. Akaliweka kando, akafukua kwa vidole. Debe lilikuwa limeanguka kifudifudi, limebonyea upande mmoja, na chini yake palikuwa na nafasi ya hewa, si kubwa, ya kutosha kichwa na mkono. Mkono ulikuwepo. Mifupa yake ilikuwa bado imekumbatia jiwe.

Akaligeuza debe kwenye mwanga hafifu unaotoka juu. Ndani, kuta zake zilikuwa zimejaa vibonyeo vidogo vidogo, vimesukumwa kwa nje, safu juu ya safu. Alijaribu kuvihesabu. Alipita thelathini akaacha, maana alielewa kwamba vingi vya hivyo vilipigwa baada ya yeye kwenda nyumbani.

Alimfunga Shivachi kwenye shuka nyeupe aliyopewa, akamlaza vizuri ndani ya kapu walilomteremshia, akagonga mara moja. Kapu likapanda bila kuyumba. Akasikia juu sauti za watu, kisha mtu mmoja akilia. Likarudi tupu kwa ajili ya debe. Akagonga moja, nalo likapanda. Mwisho ikashuka kamba peke yake. Akaifunga kiunoni, na kwa kuwa debe halikuwepo tena, akagonga sepetu lake kwa jiwe. Mara tatu.

Kamba haikuvutwa.

Akaangalia juu. Mdomo wa shimo ulikuwa mdogo kama sahani, na ndani yake kilikuwepo kichwa cha Sella, cheusi dhidi ya mwanga, kinamtazama. Uso haukuonekana. Punje za udongo zikaanza kudondoka kutoka ukutani, zikimgonga begani, moja, nyingine. Ukuta wa upande wa juu ulikuwa unatoa jasho. Alikuwa na haki ya kugonga tena, na alikuwa na sauti ya kuita, na huko juu kulikuwa na afisa wa serikali na watu wasiopungua ishirini. Hakugonga, wala hakuita. Aliegemea alama za Shivachi, akaogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa maishani, na akangoja.

Immaculate, ambaye huandika kila kitu, aliandika kwamba zilikuwa dakika nne.

Kisha kamba ikakaza. Alipanda taratibu, futi za Shivachi zikapita mbele ya macho yake, halafu zao wote wawili kwa zamu, na kichwa chake kikatokea kwenye jua. Sella ndiye aliyemshika kwapani akamkalisha ukingoni. Viganja vyake vilikuwa vimechunika kwa kamba.

"Nilikusikia ile mara ya kwanza," akamwambia.

Kisha akachukua jagi la maji, akammiminia anawe mikono.